Umeinua gari, sasa mbona usukani unazurura?

Niseme mapema tu, kuweka lifti kwenye gari, yaani kuiinua bodi kwa springi mpya, siyo kazi ngumu kihivyo. Mtu mwenye spana za maana, jeki mbili, stendi nzito na rafiki mvumilivu anatoa springi za zamani na kuingiza mpya bila presha. Kazi yenyewe inaanza gari ikishashuka. Tairi zimegusa chini, picha umeshapiga umeshatuma kwa washkaji, halafu unaingia barabarani unakuta gari siyo ile unayoijua, usukani unazurura, kuna kitu kinagonga huko chini na breki nazo zinakupa mashaka. Hapo wengi wanaanza kulaumu springi. Springi mara nyingi haina kosa lolote. Kila kitu kilichofungwa kati ya chesisi (fremu ya chini ya gari) na ekseli (mhimili unaobeba tairi za kushoto na kulia) kilipangwa kiwandani kwa urefu ule wa zamani, na wewe umebadilisha urefu peke yake, vingine vyote umeviacha palepale.

Mifano yangu mingi itakuwa ya Land Cruiser 80 maana ndiyo gari ninayoishika sana, ina koili (springi za kujiviringa) kona zote nne na ekseli nzima mbele na nyuma, yaani mhimili mmoja toka tairi hadi tairi. Ukiielewa hiyo, basi Patrol za Y60 na Y61, Defender na hata Jimny hazitakusumbua, ukubwa tofauti lakini akili ni ileile. Zile zenye mbele inayojitegemea kila upande, Prado na Hilux na wenzake, nitazigusa baadaye, zina vituko vyao.

Kwanza tuelewane lifti inafanya nini. Kwenye gari ya ekseli nzima lifti HAIINUI difu, lile bonge la gia kwenye ekseli. Rudia kusoma hapo. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye tairi, so kitu pekee kinachoipandisha difu kutoka kwenye jiwe ni tairi kubwa zaidi. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa milimita 50, difu inapanda 25. Lifti inapandisha bodi na chesisi, inakupa nafasi ya hizo tairi kubwa kuzunguka bila kukwaruza fenda, inakupa pembe nzuri ya kuingia na kutoka kwenye korongo, na ukiwa na shokapu ndefu inaruhusu ekseli kushuka zaidi tairi iendelee kugusa ardhi. Basi. Na unalipia kwa kupandisha uzito juu, gari inalala zaidi kwenye kona. Ndiyo maana mimi msimamo wangu ni inchi 2, yaani kama milimita 50, kwa gari inayotumika kila siku. Ukienda inchi 4 unaingia mradi mwingine kabisa wa mikono (vyuma vinavyoishika ekseli kwenye chesisi), propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) na stelingi, na kama huna hamu ya kuishi chini ya gari wikiendi zote achana nayo.

Halafu uzito. Hapa ndiyo watu wanaharibu kabla hata hawajashika spana. Springi za lifti zinauzwa kwa madaraja ya mzigo, kuna za gari tupu, kuna za gari yenye bampa ya chuma na winchi, kuna za gari inayobeba mzigo mkubwa muda wote. Mtu anaona "hevi dyuti" anadhani ndiyo bora, anafunga springi za mzigo mzito kwenye gari tupu, gari inakaa juu kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi, inarukaruka kama mbuzi na shokapu haziwezi kuituliza. Jumlisha vitu vilivyopo kwenye gari SASA, siyo vile unavyoota kununua mwakani. Na mbele na nyuma siyo lazima ziwe daraja moja.

Kabla hujalegeza nati chukua tepu upime kuanzia katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu mpaka ukingo wa fenda, kona zote nne, gari ikiwa sehemu tambarare na mafuta na vitu unavyobeba kawaida. Usipime kutoka chini ardhini, tairi yenye upepo mdogo itakudanganya. Andika namba kwenye kipande cha utepe wa karatasi ubandike palepale juu ya fenda. Bila namba hizi huko mbele utakuwa unabishana na macho yako. Pima tena siku ukimaliza, kisha tena baada ya wiki chache, springi mpya huwa zinakaa kidogo zikishazoea mzigo.

Kufunga kwenyewe nitapita harakaharaka. Bolti zote zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Stendi zinakaa chini ya chesisi, siyo chini ya ekseli, maana ekseli inabidi ishuke, jeki inabaki imeishika ekseli ili uishushe taratibu. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hilo halina mjadala. Toa shokapu, fungua viungo vya stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona), shusha. Wakati ekseli inashuka macho yako yasiwe kwenye springi, yawe kwenye mpira wa breki, waya wa ABS na kile kimpira cha kupumulia difu. Mpira wa breki ukivutika mpaka unanyooka umeshautesa, na unaweza usivuje leo. Kwa inchi 2 kuna gari mpira wa kiwandani unafika na kuna gari haufiki, kwa hiyo shusha ekseli mpaka mwisho wa shokapu mpya, zungusha stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, angalia. Kama umekaza kama kamba ya gitaa weka mrefu.

Springi ikiingia, mkia wake wa chini uguse ile sehemu ya kusimamia kwenye kikombe chake. Ikikaa pembeni, siku ya kwanza kona hiyo itakuwa juu, siku ya pili itajizungusha yenyewe na mlio mmoja mkubwa kama kitu kimevunjika. Soma pia kibandiko kilichopo kwenye springi, seti nyingi zinakuja na moja ndefu kidogo na moja fupi, kila moja ina upande wake, hazikutofautiana kwa bahati mbaya.

Sasa bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono. Hapa naomba tukae kidogo maana naona malalamiko mengi yanaanzia hapa. Bushi ya raba ya kiwandani haizunguki kama beringi. Ndani kuna bomba la chuma, nje kuna bomba la chuma, katikati raba iliyogandishwa pande zote mbili, na mkono ukipanda na kushuka ni raba ndiyo inajisokota. Ukikaza bolti unalibana lile bomba la ndani, unaiambia raba hapa ndiyo katikati yako. Kwa hiyo ukikaza bolti za mikono na panhadi (fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni) gari ikiwa inaning'inia kwenye stendi, ukishusha gari raba zote zinakuwa zimeshasokotwa kabla hujatembea hata mita. Gari inakaa juu kwa uongo, inakuwa ngumu, wakati mwingine inalala upande, na raba zinachanika mapema kuliko kawaida. Dawa ni rahisi: bolti zote ziingize kwa mkono na ziguse tu, shusha gari kwenye tairi zake, itikise, isogeze mbele na nyuma kidogo, ndiyo uingie chini ukaze kwa torki renchi kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kama gari imeshafungwa na unashuku fundi alikaza hewani, legeza tu bolti gari ikiwa chini. Kuna nyingine utaona kabisa mkono unajizungusha milimita kadhaa raba ikipumua, hapo umepata jibu lako. Bushi za plastiki ngumu, zile za polyurethane, ni habari tofauti, zile zinazunguka kwenye bomba lake, zenyewe zinataka grisi sahihi la sivyo zinalia kama mlango mbovu.

Bolti ya panhadi mara nyingi inakataa kuingia gari ikishashuka, tundu linapishana. Usipige nyundo. Panhadi ni fimbo moja, upande mmoja chesisi upande mwingine ekseli, gari ikipanda fimbo inasimama zaidi na kuivuta ekseli pembeni milimita chache. Kwa mbele kuna ujanja mzuri, washa injini halafu rafiki azungushe usukani polepole gari ikiwa imesimama kwenye tairi zake, bodi itasogea pembeni juu ya ekseli na tundu litajileta lenyewe. Vidole vyako visiwe kwenye tundu wakati huo, tafadhali. Kwa inchi 2 watu wengi wanaishi na hizo milimita bila shida, ukitaka ikae katikati kabisa kuna panhadi za kurefusha kwa kuzungusha. Ila usiishushe panhadi kwa kibraketi bila kufikiria rodi ya stelingi, hizo mbili zinatakiwa zilale sambamba, zikipishana kila bampu gari inajigeuza yenyewe.

Haya, umemaliza, umeingia barabarani, na usukani unazurura. Gari inafuata kila mfereji wa lami, ukipinda usukani haurudi wenyewe, kwenye mwendo wa 80 unafanya kazi muda wote. Hiyo ni kasta, karibu kila mara. Angalia uma wa baiskeli ulivyolala nyuma kidogo, ndiyo maana ukiachia mikono baiskeli inajinyoosha. Gari nayo ina mlalo huo kwenye tairi za mbele. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mirefu inayoelekea nyuma, ukipandisha chesisi mikono inashuka mbele na kuizungusha ekseli nzima, mlalo unapungua. Kiwandani 80 ina kama digrii 3, lifti ya inchi 2 inakula kama digrii 2. Hesabu mwenyewe kilichobaki. Kwa hiyo usiende kubadilisha tairodi (fimbo zinazogeuza tairi) zote wala pampu ya stelingi, peleka gari kwenye wili alaimenti wakusomee kasta na wakupe karatasi yenye namba. Dawa zipo, bushi zenye tundu lisilo katikati, sahani za kushusha sehemu ya mkono, au mikono mipya iliyokunjwa. Hizo bushi zenye tundu pembeni ni rahisi kununua lakini zinabana mwendo wa ekseli na lazima zipreswe kwa pembe sahihi, ukiziingiza kinyume unaondoa kasta badala ya kuongeza. Mimi napenda sahani kwa gari ya inchi 2.

Lakini kuna deni lake. Ukirudisha kasta unaizungusha ekseli na mdomo wa difu ya mbele unaangalia chini zaidi, krosi (kiungo kinachojipinda) ya propela upande wa difu inapata pembe kali. Na 80 nyingi zinavuta tairi zote nne muda wote, so propela ya mbele haipumziki. Ndiyo pale mtu anasema "nimeondoa kuzurura nimepata mtetemo". Kujua kama ni propela ya mbele kuna kipimo kizuri, ifungue uitoe kabisa, loki difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma), tembea na nyuma peke yake. Mtetemo ukipotea umempata mwizi. Ukibaki angalia ya nyuma, na sikiliza unatokea ukikanyaga mafuta au ukiachia, na unaongezeka na mwendo wa gari au na mzunguko wa injini. Ukifuata injini achana na propela. Propela yenye krosi moja kila mwisho inataka pande zake mbili ziwe na pembe zinazolingana, yenye krosi mbili upande mmoja inataka upande wa pili uwe karibu umenyooka. Na kabla ya yote hayo hakikisha mtu hakuirudisha propela tofauti na ilivyopangwa kiwandani, maana ikifunguliwa kwenye meno na kurudishwa jino la pembeni inatetemeka hata gari isiyo na lifti. Weka alama ya rangi kabla ya kufungua.

Kuna mtetemo mwingine tofauti kabisa, ule wa kutisha, unapita kwenye bampu dogo kwenye mwendo fulani na mbele nzima inaanza kupigana kushoto kulia usukani unataka kukutoka mkononi. Achia mafuta, shika usukani bila kupambana nao, punguza mwendo taratibu. Watu wanakimbilia kufunga shokapu ya stelingi kubwa zaidi. Hiyo inaficha ugonjwa. Tafuta kilicholegea: bushi na bolti za panhadi, beringi za kingpini (pale tairi inapogeukia), tairodi, balansi ya tairi. Kasta ndogo nayo inachangia. Lifti yenyewe mara nyingi haijaleta kitu kipya, imefichua vilivyokuwa vimechoka tayari.

Kugonga sasa. Go-go-go kwenye vibampu vidogo mwendo mdogo. Usianze kufungua vitu ovyo, tumia mkono. Gari ikiwa chini kwenye tairi zake, imezibwa magurudumu, injini imewashwa, rafiki apeleke usukani kushoto kulia kidogokidogo bila kugeuza tairi, wewe uwe pembeni na kiganja kimeshika kichwa cha bolti ya panhadi nusu juu ya bolti nusu juu ya braketi. Kiungo kizima utahisi vinatembea pamoja. Kilicholegea utahisi "tik" ndogo kati ya kidole na kidole, hata kama masikio hayajasikia. Hamia tairodi moja moja hivyohivyo. Kwa shokapu zile zenye nati juu, zungusha raba kwa mkono: ikizunguka kirahisi haijabanwa. Ikazwe mpaka raba inavimba kufikia upana wa washa yake, siyo mpaka inapasuka. Stabilaiza nayo ni mtuhumiwa wa mara kwa mara, kiungo chake kikiwa kifupi kwa urefu mpya kinajipindua na kupiga ekseli.

Gari kulala upande mmoja, kwanza kagua sakafu siyo gari, geuza gari itazame upande wa pili palepale upime tena. Tofauti ikihamia upande mwingine ni ardhi. Ikibaki kwenye gari, angalia bushi kama zilikazwa hewani, springi kama zimebadilishana pande, betri ya pili, tenki la ziada, dereva mwenyewe. Tofauti ya milimita 10 inafutwa na kipande cha kuinulia chini ya springi moja. Vipande hivyo kwa kazi hiyo navikubali. Kufanya lifti nzima ya inchi 2 kwa vipande juu ya springi zilizochoka na shokapu za zamani, hapana, springi inabaki kuwa laini vilevile na shokapu inafika mwisho wake wa kurefuka kila mara ekseli ikining'inia.

Shokapu ndefu nazo zina upande wa pili. Ikiwa ndefu hata ikibanwa, inafika mwisho wake kabla raba ya kuzuia ekseli haijagusa, na hapo shokapu ndiyo inakuwa nyundo, inavuja au inang'oa sehemu ilipofungwa. Panda tairi moja kwenye kitu cha juu mpaka raba iguse, angalia kama bado kuna chuma cha kung'aa kinaonekana kwenye shokapu. Kama hakuna, raba za kuzuia zirefushwe.

Breki: magari mengi ya aina hii yana valvu ya nyuma yenye kifimbo kinachosoma mzigo. Mwili wa gari ukishuka inajua kuna mzigo inatoa presha zaidi nyuma. Sasa wewe umeinua mwili, valvu inaamini gari haina kitu, inapunguza presha ya breki za nyuma, mbele inafanya kazi karibu peke yake. Sogeza braketi ya kile kifimbo juu kwa kiasi kilekile ulichoinua gari. Hiki naona kinasahauliwa kuliko vyote na ndicho kinachoweza kukuua.

Mbele inayojitegemea, nimeahidi. Hapo lifti inazipa sivi jointi (viungo vya shafti zinazozungusha tairi) pembe kali, raba zake zinachakaa na kutema grisi, mkono wa juu unakaribia kugusa springi, na kemba (tairi kuinama ndani au nje) na kasta zote zinahama kwa pamoja. Zaidi ya milimita 50 bila mikono ya juu mipya sikushauri. Na ile koili iliyovaa shokapu katikati haifunguliwi kwa vibano vya kuungaunga, imebanwa na nguvu ya kuua mtu, peleka kwa mwenye mashine. Springi za majani nyuma: yu-bolti (zile zenye umbo la U) mpya kila mara, za zamani zimeshavutika, na kichwa cha senta bolti (inayoshika majani pamoja) kiingie kwenye tundu lake kabla hujakaza kitu.

Baada ya kilomita kama 500 rudi chini ya gari ukaze tena kila bolti uliyoigusa, gari ikiwa kwenye tairi zake. Taa za mbele zishushe usiku huohuo wa kwanza, maana gari ikipanda mbele unawamulika wenzako machoni na wewe mwenyewe barabara huioni.